Mlango wa hema lako unatazama wapi?



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya mambo madogo. Nasema madogo kwa makusudi, sababu makubwa mnayaleta wenyewe. Hakuna juma linalopita bila mtu kuketi kwenye baraza ya nyumba yangu na kusema: "Pasta, uniombee nijue mapenzi ya Mungu." Mmoja anataka kujua kama aoe. Mwingine anataka kuacha shimo aende kufanya biashara Kasumbalesa. Mama mwingine anauliza kama watoto wapelekwe kwa nkambo yao kijijini. Ninaomba pamoja nao, ndiyo kazi yangu. Lakini kabla hatujafunga macho huwa nawauliza jambo moja: jana jioni, ulipotoka kazini, ulipita njia gani?

Wengi wanacheka. Wengine wanakasirika kidogo, wanafikiri pasta anawapeleleza. Hapana. Nauliza sababu nimeona ya kwamba mtu anaweza kuomba Mungu amwonyeshe njia ya kaskazini, na huku miguu yake kila jioni inakwenda kusini.

Mimi ni mtoto wa kambi. Papa yangu alifanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, na sirene ya kazi ilituamsha sisi wote, hata watoto ambao hatukuwa na kazi yoyote. Papa hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini mambo mawili ya shimoni alitueleza mara nyingi, mpaka siye watoto tukaweza kuyamaliza kabla yake.

La kwanza ni kugonga paa. Kila zamu, kabla mtu hajaanza kutoboa mwamba, mmoja anachukua fimbo ndefu ya chuma na kugonga jiwe la juu, hapa, na hapa, na hapa. Jiwe lililo zima linalia kama kengele. Jiwe lililoachana na mwamba linalia sauti nzito, kama ngoma. Likilia kama ngoma linaangushwa kwa fimbo ile ile, na yule anayeliangusha anasimama mahali ambapo paa imekwisha kujaribiwa. Papa alisema kazi hii haina sifa. Siku mia moja unagonga na hakuna kitu, na siku ya mia na moja mkono unaanza kuona uvivu. "Jiwe hainaka konji," ndivyo alivyosema.

La pili ni kunyosha njia. Galeri, ile njia ya chini, haifuatishwi kwa macho ya yule anayeichimba. Mpimaji anatundika paani kamba zenye uzito chini yake, moja nyuma ya nyingine. Mtu mmoja anasimama mbele kwenye mwamba na taa. Mwingine anasimama nyuma ya kamba na kutazama, anamwambia aende kushoto, aende kuume, mpaka kamba zinafunikana na taa inaonekana katika mstari mmoja nazo. Hapo wanatia alama ya rangi. Kesho, mwamba ukiisha kusogea mbele, wanafanya tena.

Juu ya nini kazi hiyo yote? Fanya hesabu pamoja nami. Njia ikipotoka digrii moja tu, baada ya meta 100 umekwisha kuwa karibu meta moja na sentimeta 75 nje ya mahali pako. Baada ya kilometa moja ni meta 17 na nusu. Unaweza kuipita shaba uliyokuwa unaitafuta, ama kutokea katika shimo la zamani lililojaa maji. Na yule aliye mbele na mashine haoni kosa lolote. Mbele yake ni mwamba tu, kama wa jana. Anatoka jasho lile lile, anachoka uchovu ule ule. Kuchoka hakumwambii kama njia imenyooka.

Ndipo namfikiri Loti.

Tusome habari zake polepole, sababu tukisikia jina lake tunakimbilia moto na chumvi. Moto uko katika sura ya 19 ya Mwanzo. Lakini safari ya Loti ilianza katika sura ya 13, na hapo hakuna dhambi ya kutangaza mbele ya kanisa. Kulikuwa ugomvi wa wachungaji wa mifugo. Abramu alimpa mtoto wa ndugu yake kuchagua. Loti aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji ya kutosha, akachagua. Ni mtu gani mwenye ng'ombe atakayemlaumu kwa kutaka maji? Halafu akasogeza hema zake mpaka karibu na Sodoma. Karibu tu. Mbali yule, aliweza kusema, mimi sikai mjini, mimi ninalala hemani mwangu. Katika sura ya 14, vita ilipofika, tunamkuta anakaa ndani ya Sodoma. Katika sura ya 19 ameketi kwenye mlango wa mji, mahali pa watu wanaojulikana, na binti zake wamechumbiwa na vijana wa hapo.

Nimetafuta siku ambayo Loti alikata shauri kuwa mtu wa Sodoma. Siioni. Nadhani naye hakuiona. Kuna asubuhi nyingi tu, na kila asubuhi mlango wa hema ulifunguka upande ule ule. Ukifungua mlango na kitu cha kwanza unachoona ni mji, baada ya miaka unaujua kila moshi wake, na siku ya kuhamia ndani ni kama kuvuka barabara.

Angalieni tena mwisho wa sura hiyo ya 13. Abramu naye alihamisha hema yake, akaenda Hebroni, na pale akamjengea Bwana madhabahu. Wote wawili walihama. Kwa Loti sura hiyo haitaji madhabahu yoyote.

Sasa tutoke Sodoma, tuje kwetu Kolwezi. Katika kusanyiko letu yuko ndugu mmoja, papa wa watoto watano, mchimbaji wa mkono, kreseri kama tunavyosema. Habari hii nimemwomba ruhusa kuisimulia, naye amekubali, ila nisitaje jina. Jiwe lao wanaliuza Musompo, kwenye madepo. Mnajua ninyi wenyewe namna ya pale: kifuko kinapimwa uzito, ile Metorex inaelekezwa juu ya jiwe, inaonyesha namba, na bei inatoka kwenye namba hiyo, upende usipende. Kikundi kinagawana, na jua linaanza kushuka.

Mke wake ndiye aliyekuja kwangu. Hakuja kulia. Alikuja na daftari. Binti yao mkubwa alikuwa katika mwaka wa sita, anajitayarisha kwa mtihani wa Serikali, na alikuwa amefukuzwa darasani mara ya tatu juu ya minervali. Daftarini mama alikuwa ameandika siku ambazo bwana wake aliuza na falanga zilizofika nyumbani. Siku za kuuza zilikuwa nyingi. Falanga zilikuwa kidogo.

Nilimwita ndugu. Alinitazama machoni, na alichosema kilikuwa kweli tupu: "Pasta, mi hapana mulevi. Nani aliniona mi nimeanguka mu njia? Mi siko na bibi wa inje. Mi nakunywaka mbili tu na banduku, kisha naenda."

Kweli. Hakuna aliyemwona ameanguka. Katika kanisa letu mtu wa namna hiyo hahesabiwi kati ya waliorudi nyuma. Anafika dimanshi, anaimba besi katika kwaya, anatoa sadaka. Kama ningetafuta dhambi kubwa ya kumkemea, ningerudi mikono mitupu.

Basi sikumkemea. Tulifanya hesabu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari ya mke wake. Chupa 2 kila siku ya kazi, siku 26, ni chupa 52. Kwa sanduku za chupa 12 ni sanduku 4 na chupa 4 juu yake, kila mwezi. Kisha tukaongeza zile anazonunulia banduku, sababu hakuna anayekunywa peke yake, leo wewe, kesho mimi. Kisha nyama ya kuchoma. Kisha karatasi ya kubahatisha mpira, maana muuzaji wake anaketi pale pale mlangoni mwa nganda, naye si mjinga. Tulipomaliza kujumlisha, ndugu alinyamaza muda mrefu. Minervali ya mwaka mzima ilikuwa ndani ya hesabu ya miezi michache.

Mwishowe akasema jambo ambalo sijalisahau: "Hata siku moja sikusema nikule masomo ya mutoto."

Huyo ndiye Loti. Hata siku moja hakusema.

Alitaka kufanya nadhiri mbele ya kanisa ya kuacha pombe siku hiyo hiyo, na nikamwambia nadhiri tutaona baadaye, kwanza tuzungumze juu ya njia. Toka depo mpaka nyumbani kwake kuna njia mbili. Moja inapita kwenye nganda, nyingine inazunguka kwa nyuma na ni ndefu zaidi. Tulikubaliana apite ile ndefu. Na siku za kuuza mke wake amngoje kwenye msalaba wa njia, falanga zibadilishe mkono pale pale, kabla ya kufika kartie. Baadhi ya wanaume waliposikia walimcheka, wakasema mke amekuwa kapita wake. Acheni wacheke.

Msitegemee niwaambie ya kwamba tangu siku hiyo yote yalinyooka. Kuna juma alilorudia njia ya zamani siku tatu mfululizo, na ni mama tena aliyenipa habari. Mtihani wa mwaka ule binti hakuufanya. Aliufanya mwaka uliofuata. Mwaka mmoja wa mtoto umekwenda, na hakuna wa kuurudisha. Lakini papa yake bado anapita njia ndefu, na ananiambia sasa miguu inakwenda yenyewe, hata akiwa anawaza mambo mengine.

Hilo ndilo napenda vijana walisikie: miguu inajifunza. Tumezoea kuzungumza juu ya desturi kama kamba inayofunga tu. Desturi ni kama kinga pia, ukiisha kuijua inakubeba.

Mama yangu hakupita darasa la pili. Wakati ule kampuni ilitoa mposho kila mwezi, mfuko wa bunga, maharagi, mafuta. Watoto wa leo hawawezi kuamini. Shule ilikuwa ya kampuni, na hospitali vilevile. Basi kila mvua za kwanza mama alichukua jembe, akatoka kwenda kulima nje ya mji, mahindi na mihogo. Majirani walimwuliza: "Mama, njala gani iko nakufukuza? Mposho si iko?" Hakuwa na jibu kubwa la kuwapa. Hakuota ndoto, hakupewa unabii juu ya miaka inayokuja. Alilima sababu mama yake alilima, na mvua ikinyesha mikono yake ilitaka jembe. Kikapu cha kwanza cha mahindi kilikwenda kanisani, na sisi tulikibeba tukinung'unika, maana njia ilikuwa ndefu.

Ninyi wakubwa mnajua yaliyofuata. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Sehemu ya shimo la Kamoto iliporomoka katika mwezi wa Septemba 1990. Mwaka 1994 tani za mwaka mzima hazikufika hata 40,000. Katika kambi nyingi mifuko ya bunga ilipunguka, halafu ikakoma, na watu waliokuwa hawajashika jembe walitoka kutafuta shamba wakati mashamba ya karibu yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Nyumbani kwetu tulikula bukari na sombe, tulichoka kula sombe, lakini tulikula.

Baadaye, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kulipwa, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Nilikuwa kijana, nikaona kwa macho yangu. Watu waliotoka katika kazi moja, waliopata fedha siku moja. Mmoja alinunua mashine ya kusaga, na inasaga mpaka leo. Mwingine, kabla ya Noeli ya pili, alikuwa anaomba chumvi kwa jirani. Wengi walikuwa na madeni na wagonjwa, siwahukumu, na haki yao ni neno lingine la kuzungumza. Lakini niliona kwamba fedha nyingi haikumgeuza mtu kutoka njia yake. Ilimpeleka mbio kule alikokuwa anaelekea tangu zamani.

Sasa kuhusu vijana, maana wameanza kufikiri habari hii ni ya wenye ndevu.

Katika sura ya 6 ya Danieli, mfalme Dario ametia sahihi sheria ya kukataza maombi. Danieli alipopata habari alikwenda nyumbani kwake, kwenye chumba cha juu, ambako madirisha yalifunguka upande wa Yerusalema, akapiga magoti mara tatu kwa siku. Tunahubiri sana juu ya simba. Mimi napenda yale maneno machache ambayo Biblia inaongeza pale: alifanya kama alivyokuwa akifanya siku zote. Siku ile ya hatari Danieli hakuanza kitu kipya. Hesabu miaka: walimpeleka Babeli akiwa kijana, karibu mwaka 605 mbele ya Kristo, na Babeli ilianguka mwaka 539. Ni zaidi ya miaka 60. Alikuwa mzee, na magoti yake yaliijua ile sakafu. Simba walimkuta mtu ambaye shauri lake lilikuwa limekatwa zamani, asubuhi moja isiyo na habari, wakati hakuna aliyemtazama.

Wewe dirisha lako la kwanza asubuhi ni lipi? Kijana mmoja wa kwaya aliniambia bila haya: "Telefone, Pasta, hata mbele ya kunawa uso." Nilimshukuru kwa kusema kweli. Sikatai telefone, mimi mwenyewe ninayo, na mialiko ya mikutano inapita humo. Ninauliza tu inafunguka kutazama upande gani. Kila siku mega zinakwisha na uniti zinakwisha, na mtu amekwisha kuona video za ugomvi, nguo za watu wa Ulaya, matokeo ya mpira aliyobahatisha, na hajamsalimia mama yake aliye chumba cha pili. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni Sodoma. Ni hema imesogezwa kidogo.

Najua kuna mikesha siku hizi inayoahidi kufungua njia ya mtu kwa usiku mmoja. Kanisani kwetu tunakesha pia, na Mungu anafanya mambo usiku. Lakini mtu akinijia asubuhi, macho mekundu, anasema njia yake imefunguliwa, namwuliza: sasa jioni utapita wapi?

Na wengine watasema pasta anafundisha wokovu wa matendo. Hapana. Hatuokolewi kwa kupita njia ndefu. Tazama Loti mwenyewe: asubuhi ile ya moto alikuwa bado anakawia, na malaika walimshika mkono, yeye na mke wake na binti zake wawili, wakawatoa nje, sababu Bwana alimhurumia. Waraka wa pili wa Petro unamwita mwenye haki. Neema ilimfikia ndani ya Sodoma kabisa. Ila wachumba wa binti zake, alipowaonya, walidhani anafanya mchezo. Miaka yote waliyomjua hawakuwahi kumwona akitazama upande mwingine. Mke wake alibaki njiani. Mifugo ile iliyomfanya achague bonde haisemwi tena. Aliokoka, na alitoka na watu wawili. Kila mara ninaposoma sura hiyo nafikiri juu ya meza ya nyumbani kwangu, na ni nani wanaoketi pale.

Sasa, kama mnapenda, tufanye jambo hili pamoja. Chukueni daftari ya zamani ya mtoto, ukurasa wa nyuma. Kwa siku saba, kila jioni, kila mtu aliye na umri wa kuandika aandike mistari mitatu: nilipotoka kazini ama shuleni nilipita wapi, falanga ya kwanza niliyoshika leo ilikwenda kwa nani, kitu cha mwisho nilichotazama mbele ya kulala kilikuwa nini. Msiandike maneno mazuri. Andikeni ya kweli. Siku ya saba, baada ya chakula, somaneni, baba aanze. Msiniletee mimi, hayo si ya biro ya kanisa.

Tulipoijaribu katika kikundi chetu cha ba-mama, mmoja aliinua mkono akauliza kama mke anaweza kumsaidia bwana wake kwa kumwandikia mistari yake. Wote walicheka, na nikamjibu hapana, kila mtu na kalamu yake. Dimanshi iliyofuata alikuja na ukurasa wake umejaa pande mbili, akaniambia ya bwana hajaiona bado, ila usiku wa tatu alimkuta jikoni peke yake, na kalamu mkononi, akihesabu kwa vidole.